Maharage Hayajaiva

Anaeli amepiga simu: "Mama, tunapanda sasa."
Nami nimesukuma kuni, nimebandika maharage.
Saa ya ukutani niliinyang'anya betri nikaipa redio,
kwa hiyo kazi ya kuhesabu nimeiachia sufuria.

Povu la kwanza linapanda, nalitoa kwa upawa:
yuko juu ya Simanjiro.
Naongeza maji, namfukuza kuku jikoni:
ameshapewa karanga na soda kwenye kikombe kidogo
(kaniambia mwenyewe; mimi sijapanda kitu
kirefu kuliko ngazi ya kuchumia parachichi).
Nabonyeza punje moja kwa vidole. Changarawe.
Simu inalia.
"Nimefika, Mama. Dar joto."

Inafuata picha ya dirishani: Kibo na kiraka chake cha theluji,
chini yake mawingu. "Uko hapo chini!"
Nimeikuza kwa vidole viwili, kama alivyonifundisha.
Wingu. Wingu.
Wakati ule nilikuwa uani, naanua mashuka aliyolalia.

Haikasia, mjukuu wangu, alilaza rula
juu ya ramani ya kalenda ya kanisa,
Moshi huku, Dar kule, akavuta mstari mwekundu.
"Kilomita mia nne na hamsini hivi, Bibi. Ndege inapita hapa hapa."
Nikautazama. Haukumwomba mtu njia.
Haukusimama Same kununua tangawizi,
haukunywa chai Korogwe,
wala kukata kona moja Mombo, kumjulia hali shemeji.

Baba yake Anaeli alikwenda kwa treni.
Garimoshi la Moshi, alitania: moshi mbele, Moshi nyuma.
Nilimfungia ndizi za kuchoma, mayai,
na chumvi kwenye kipande cha gazeti.
Usiku mzima na mchana wake, chuma kikilalamika;
maharage yangeiva, yakaliwa, sufuria ikasuguliwa kwa majivu,
naye bado yuko njiani.
Lakini kila Krismasi, kila Pasaka,
na siku ile ng'ombe alipozaa mapacha, hata hatujamwita,
nilimwona akikwea kwenye mfereji, viatu mkononi.

Huyu wa dakika sitini na tano
nilikuwa sijamtia machoni tangu mwaka juzi.
Jana amekuja, ametia sahihi karatasi za shamba,
amelala usiku mmoja, amesifu hewa.
"Siku hizi ni karibu, Mama. Hata kesho naweza kuja."
Kesho hiyo naijua.
Kilicho karibu hakiharakishwi.

Haikasia anauliza kama chakula tayari.
Bado, namwambia, lete rula yako kwanza.
Kutoka Dar kuja hapa ni kilomita ngapi?
"Zile zile, Bibi."
Pima.
"Lakini ni mstari ule ule!"
Pima, mwanangu. Safari hii anzia kule.