Zamu ya Maji

Zamu yangu ni saa nane na nusu usiku,
kila siku ya nane, saa moja kamili,
ndivyo lisemavyo daftari la wakili wa falaji.
Ibra imelala, viyoyozi vinakoroma
kuwashinda wenye nyumba.
Nashuka na kanga juu ya nguo ya kulalia.
Majirani waseme watakalo:
huku kanga ndiyo pasipoti yangu ya pili.

Mofizul hunitangulia. Huzibua tundu:
jiwe moja, na tambara
lililokuwa shati la marehemu mume wangu.
Maji huingia kwenye mitende bila haraka,
yanaunusa udongo kwanza,
kama mgeni atafutaye pa kuvulia viatu.

Mimi hukaa ukingoni, miguu ndani.
Tasbihi nimeiacha mchagoni; siku hizi sihesabu.
Mama yangu, mtu wa Wete,
aliyekufa na lafudhi yake nzima mdomoni,
aliniambia nikiwa wa miaka kumi:
"Ukimwomba Mungu, ukimaliza usiinuke.
Nyamaza. Na Yeye ana zamu yake."

Basi miaka arubaini nimenyamaza.
Kuna usiku hamna kitu,
mbu tu na goti linalouma.
Kuna usiku kifua hufunguka kama lile tundu
na kinachoingia sikijui jina,
ila asubuhi hata vitunguu navikata kwa adabu.

Sikumwambia mtu.
Nilidhani jambo la namna hii likitajwa huchacha.
Wasemao akiba haiozi
hawakuziona tende zangu za khalasi,
nilizoficha mvunguni mwaka ule
mpaka zikaota ndevu.

Ni Mofizul aliyeuliza.
"Mama, fi mushkila?"
Kiarabu chake cha kazini, maneno hamsini,
kumi katika hayo majina ya zana.
Aliniona nimeinama, akadhani nakufa.
Nikamwonyesha mbingu. Nikamwonyesha sikio.
Nikaweka kidole mdomoni.
Akatikisa kichwa polepole, akaenda kuegemea ukuta,
nami nikaona haya, mtu mzima:
nimefungua mkoba wa mama yangu mbele ya watu
nikatoa ishara tatu za bubu.

Siku ya nane akaja mapema.
Akazibua, akavua ndara,
akakaa juu kidogo ya nilipokaa, miguu ndani,
mikono yenye makovu ya miiba juu ya mapaja.
Tukanyamaza.
Aliyoyasikia siyajui, wala sikuuliza.
Maji yalizigusa nyayo zake
ndipo yakaja kwangu.

Zamu ilipokuwa inakata roho, akasema neno moja:
"Chup."
Akajigusa kifua. Kwa maneno yake hamsini na vidole kumi
akanieleza: la bibi yake, Nowakhali.
Mvua ikianza kupiga bati, bibi huwaambia wajukuu
chup,
msikilizeni Mwenye mvua.
Chup! Kama kijiwe kilichotumbukia kisimani.
Wanawake wawili wasiowahi kuonana,
mmoja karafuu, mmoja mpunga,
na mimi nilikuwa nimemfungia wangu sandukuni
nikidhani ni yatima.

Nikacheka. Si tabasamu la heshima: kicheko
cha kuamsha kuku wa mtaa wa pili.
Taa ya juu ikawaka. Thuwaiba, mjukuu wangu,
dirishani, simu mkononi:
"Bibi! Unacheka na nani saa hizi?"

Hapo ndipo Mofizul alipolikumbuka tundu.
Dakika kumi tumezipitisha, haki ya Bi Raya,
na Bi Raya dakika zake anazijua kwa majina.
Akaruka na tambara, maji hadi magotini, naye anacheka.
Kesho nitamlipa mwenyewe: dakika zake,
sahani ya halwa,
na akinivumilia, habari hii yote.

"Bibi?"

"Teremka," nikamwambia mtoto.
"Uje bila viatu."