Doto Amekawia

Juu ya paa la jengo letu, Changanyikeni,
antena imekaa kama sufuria iliyofunikwa.
Kunguru wameifanya kiti.
Kila asubuhi napanda na ufagio wa chelewa,
nakwangua mavi yao, nakagua waya,
nashuka kusoma anga imesema nini usiku.

Haisemi. Inachelewesha.

Kilomita elfu ishirini kutoka hapa
setilaiti hutuma watoto wawili kwa mpigo,
Kurwa na Doto,
neno lilelile mdomoni,
mmoja sauti nyembamba, mwingine nzito.
Wanakuja bega kwa bega
mpaka kilomita mia tatu na ushei juu ya vichwa vyetu,
ambako jua huzing'oa elektroni kwao
zikazagaa kama machinga waliovunjiwa vibanda.
Hapo ni Kariakoo, mkesha wa Idi.
Kurwa anapenya, ingawa naye hasalimiki kabisa.
Doto, mwenye sauti nzito,
anasukumwa, anakanyagwa kidole,
anafika mlangoni kwangu nyuma ya ndugu yake
kwa muda ambao kope haziwezi hata kuanza kupepesa.

Simuulizi alikuwa wapi.
Namuuliza: umepishana na wangapi?

Jibu lina sifuri kumi na sita mkiani,
na hapo tumehesabu nguzo moja tu ya anga,
upana wake meza ya kulia chakula.
Kawia ufike, walisema waliotutangulia.
Mimi nalipwa, kidogo, kwa huko kukawia.

Saa nane mchana ramani yangu inawaka nyekundu
kutoka Bagamoyo hadi Mafia.
Alfajiri inapauka, chai iliyoongezwa maji.
Saa mbili usiku mapovu yanapanda, matupu,
kama uji unaotokota,
na setilaiti zinanipotea moja moja.
Huo mstari mweupe, Machi kumi na tisa,
ni LUKU iliyoisha nami sina salio.
Usidhani anga ilipumzika.

Baba yangu, Bosco Nandonde, alikuwa mpima ardhi.
Mwaka ambao jua lilichafuka,
saa nane mchana, Chanika,
alisimika bikoni kwa kifaa cha mkononi.
Kilikuwa na sikio moja. Kilimsikia Kurwa peke yake,
na asiye na Doto wa kulinganisha
hajui kwamba Kurwa naye kachelewa.
Jiwe likaangukia hatua nane kando.
Choo cha Bi Mwanamvua Dihenga kikahamia kwa jirani
bila tofali kusogea,
na jirani, ambaye hakukiomba, akakikubali.

Baraza la kata lilikaa siku mbili.
Baba alisema, mashine ndiyo iliyosema.
Wakacheka. Wakauliza amekula shilingi ngapi.
Akauza kifaa, akafungua duka la mabomba Mbagala,
na tangu siku ile sijamwona ameshika futi
hata kupima pazia.

Nilizitafuta namba za mwaka ule,
kituo kingine, siku ileile, saa ileile.
Nikachora. Nyekundu hadi pembeni mwa karatasi.
Sikudanganyi: ramani haionyeshi
kosa lilielekea kaskazini au kusini.
Inasema tu palikuwa na umati.

Nikampelekea dukani.
Alivaa miwani, akapitisha kidole penye wekundu
taratibu, kama anayetafuta ufa kwenye bomba.
"Kwa hiyo ni hawa," akasema.
Akauliza idadi. Nikamtajia sifuri, zote.
Akanyamaza, akamuuzia mteja viungio viwili vya nusu inchi,
akarudisha chenji.
"Na baraza," akasema, "lilitaka shahidi mmoja."

Bi Mwanamvua alishazikwa. Choo kipo.

Leo nimepanda tena na ufagio wangu.
Kunguru mmoja amekataa kuondoka.
Nimemwacha.
Kurwa ameshafika,
namsubiri Doto.