Theluthi ya Tatu

Tiwi, alfajiri, mawe hayajashika moto,
Zuwena alinifunga kitambaa machoni,
akanishikisha kamba aliyoizungusha mitendeni.
"Nenda. Ukiiachia, umekufa."
Nilikufa mara nne, nchi kavu,
mbuzi wakinitazama.

Halafu hesabu: theluthi ya hewa ni ya kwenda,
theluthi ya kurudi.
Na inayobaki?
"Hiyo si yako. Ni amana."

Mwezi wa sita, ndani ya pango,
tope likatibuka, mwanga wa tochi ukawa maziwa.
Mkono wa Mundhir ukanipapasa uso:
kwake imekwisha.
Nikampa kipumulio cha kinywani mwangu,
nikauma cha akiba, kile cha shingoni,
na vidole juu ya kamba
nikaihesabu mitende,
mmoja,
mmoja.

Tulipoibuka alitaka kunishukuru.
Nikamwambia, ilikuwa yako.