Daftari Lenye Alama ya Kwato

Mimi Mkasi binti Kombo, mshika daftari,
niliyechaguliwa si kwa uhodari wa hesabu
bali kwa kuwa sina mume wa kuniazima fedha za watu,
nasoma:

Ngwali Faki, pishi mbili za karafuu, kavu.
Bi Kaije, kapu moja la makonyo. Alisema,
"Andika makonyo, usinipambie."
Walimu wa skuli, elfu tano tano, ila mmoja
aliyeahidi mwisho wa mwezi. Miezi imekwisha mitatu.
Wapanda mwani, kilo arubaini,
nao waliuleta ungali unavuja,
mpaka leo ukurasa wa sita wanuka pwani.
Mtoto wa Shaame, shilingi mia na kigololi.
Kigololi sikukiandika. Kimo mfukoni mwangu.

Yote haya kwa chumba kimoja cha kuzalia
ubavuni mwa kituo chetu, kinachofungwa saa tisa
kana kwamba mimba nazo zina saa za kazi.
Time Shaame alijifungulia kwenye gari ya ng'ombe
baina ya hapa Mchangarawe na Konde,
mwenye gari kageuza uso, kashika kamba, analia yeye.
Mtoto wamemwita Njiani. Si utani,
limo kwenye cheti.

Siku ya mchezo wa ng'ombe tuliweka kiingilio.
Wanaume wakasema wanawake wakae mbali na hatari.
Tukakaa mbali, karibu na pesa.
Ng'ombe mwekundu akakitazama kitambaa,
akamtazama mchezaji,
akaamua adui ni meza yetu.
Sarafu ziliruka kama bisi kaangoni.
Kwato likapiga ukurasa wa tisa, hili hapa, litazameni.
Watoto wakaokota mchangani, wakarudisha,
na tulipohesabu zilizidi kwa mia saba.
Nikaandika: Ng'ombe, mia saba.

Matofali yakaja. Asiye na kitu akaja na mikono.
Bati likapungua moja; Sheha akang'oa la banda lake
na kuku wakahamia jikoni.
Mkewe hajamsamehe.
Tukapaka chokaa, tukatia kitanda, tukafungua mlango,
chumba kikatutazama.
Mkunga hakuna.

Ofisini Wete bwana mmoja akatwambia hongereni,
nyinyi ni mfano wa kuigwa,
ila mkunga hayumo kwenye makisio ya mwaka huu.
Kisha akatupigia makofi,
mtu mzima, peke yake, nyuma ya meza.

Wapo waliosema subira yavuta heri.
Bi Kaije akajibu: "Heri huvutwa na subira.
Uchungu hauvutwi na mtu, waja wenyewe."

Jumatatu ya pili tulikwenda sote,
wenye mimba mbele, kadi za kliniki mkononi,
na kila mmoja na ukindu wake.
Hatukupiga kelele. Tulikaa barazani tukasuka.
Ukili ukarefuka, ukapita mlango,
ukateremka ngazi mbili,
kila mwenye faili akawa anauruka.
Alasiri akatoka yule yule wa makofi:
"Mwasuka nini?"
"Mkeka wa mkunga. Akija atasali juu ya nini?"
Alisimama kidogo.
Akauruka ukili, akarudi ndani,
tukasikia anapiga simu.

Barua imefika, ina muhuri, yasema mwezi ujao.
Kila mwezi tunaisoma tena
na kila mwezi ni kweli, ni mwezi ujao.

Mkeka umekwisha, umekunjwa juu ya kitanda.
Jana yule mwalimu kaleta elfu tano yake,
kasimama mpaka nikaiandika.
Time ana mimba ya miezi mitano.
Hupita hapa asubuhi akienda kisimani,
Njiani kamshika kanga,
huniuliza, "Hesabu imefikia wapi?"
Namwonesha kurasa mbili zilizobaki.
Yeye hunionesha vidole vinne.
Leo Jumapili.
Kesho twarudi Wete, na ukindu mpya.