Kalamu ya Bure

Simu ililia nikiwa Mwaloni, mikono imejaa magamba,
nikapokea kwa kidole cha mwisho.
Sauti ya binti, laini kama mlenda:
"Hongera, Mama Kabula! Jina lako limetoka.
Siku tatu, hoteli ya ufukweni,
wewe na baba, bure kabisa."
Nikamuuliza limetoka wapi,
maana sikuwahi kuliingiza.
Akacheka. Kicheko kizuri. Hakujibu.

Lakini Lugembe alikwisha kupiga shati pasi.
Miaka thelathini na moja ya kubeba marobota ya pamba
hakuna aliyewahi kumwambia pumzika,
na neno hilo, mtu akilisikia uzeeni,
huingia bila kubisha hodi.

Jumamosi saa nne tukapanda Capri Point.
Ukumbi wa baridi, zulia, juisi kwenye glasi yenye shingo.
"Maelezo tu, dakika tisini."
Saa nane bado tulikuwa tunaelezwa.
Kijana mwenye kibati kifuani, Fortunatus,
akachora jua, akachora kitanda,
akachora wajukuu ambao hatujapata.
Wiki moja kila mwaka, ya kwenu, mpaka kaburini.
Milioni nne na nusu. Kwa leo tu, tatu.
Akinyanyuka kumwona bosi, mbili na nusu.
Bei inayoshuka hivyo kabla mtu hajaomba
naifahamu: ni ya dagaa walionyeshewa mvua.

Meza ya tano, Mwalimu Nyanzobe wa mtaani kwetu akasaini.
Ukumbi mzima ukampigia makofi,
akainamisha uso kama bibi harusi.
Lugembe akayatazama yale makofi.
Nilimwona akiyatamani.
Hapo ndipo nilipoogopa.

"Nipe karatasi nikazisome nyumbani."
"Karatasi hazitoki, mama."
"Basi nisomee herufi hizo ndogo za chini."
"Ada ya matunzo tu. Kidogo. Kila mwaka."
"Hata mwaka tusiokuja?"
Akatazama saa.

Samaki wangu, mteja humfungua shavu,
humbonyeza, humnusa, huondoka zake,
hurudi jioni au harudi.
Sijawahi kumfungia mtu mlango kwa sababu ya sato.
Samaki asiyetaka kunuswa
anajua mwenyewe kwa nini.

Nikamshika mume wangu mkono, ule wenye kalamu.
Vidole vilikuwa vya baridi.
Akaiachia taratibu, kama anayetua robota.

Zile siku tatu? "Mlitakiwa kubaki mpaka mwisho."
Tukarudi kwa miguu. Hakusema neno
mpaka daraja la Mirongo. Hapo akasimama.
"Yule kijana aliniuliza nimechoka tangu lini."
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Jumapili sikufungua meza.
Nilichukua mihogo ya kuchoma na kanga ya kutandika,
tukalala chali juu ya jiwe kubwa kando ya ziwa,
jiwe lenye joto la mchana mzima,
akakoroma mpaka furukombe wakahama.

Mwalimu Nyanzobe siku hizi hapokei namba ngeni.

Na kalamu, niliichomeka kwenye nywele nikatoka nayo.
Ndiyo pekee iliyokuwa ya bure kweli.
Naandikia madeni ya wateja.
Wino ulikatika wiki ya pili;
naipulizia pumzi, inaandika nusu ya jina.