Mizani ya Baruti

Siku tano za juma mimi ni mkaguzi wa mizani.
Naingia Burma kabla wauza nyama hawajavaa aproni,
naweka jiwe langu la shaba kwenye sahani
na kusubiri mshale useme kweli.
Wananichukia kwa adabu. Wananimiminia chai, siinywi.

Jumamosi napima kitu kingine.

Gobore nililinunua kwa Bi Kusum,
mjane wa fundi saa wa Mtaa wa Biashara.
Lililala juu ya kabati miaka thelathini
ndani ya shuka la kitanda, buibui mtutuni.
Vibali vilinila miezi kumi na minne
na soli za viatu jozi moja.
Binti yangu Mumbua alicheka:
"Baba, gumegume kanunua gumegume."
Nikamsahihisha. Gumegume hutumia jiwe;
hili ni la fataki.
Akacheka zaidi.

Risasi ni madini kabla haijawa risasi.
Mbuvi wa Grogan hunitunzia vile vizani
vinavyong'olewa kwenye rimu za magari,
nami naviyeyusha uani, Jericho,
kwenye sufuria ambayo mke wangu ameipa talaka.
Taka huelea, naziengua kwa kijiko;
chini hubaki kioo kizito
kinachotetemeka nikikohoa.
Namimina kalibuni. Kila gololi naipima:
iliyo nyepesi ina pango ndani.
Narudisha motoni.

Uwanjani, upande wa Ngong,
Kositany msimamizi ana vidole vinane
na haelezi jambo mara mbili.
Baruti kwanza: nyeusi, punje kama mbegu za mchicha,
toka kwenye kipimo, kamwe si toka kwenye chupa.
Kisha kitambaa, duara nililolikata
katika shati la Gikomba na kulipaka shahamu.
Ndani ya ukosi wa shati lile
mtu alishona jina lake kwa uzi wa buluu.
Hapo sijakata bado.
Kisha gololi. Kisha mdeki,
shindilia, usigonge,
mpaka alama niliyoichonga kwenye ufito
ilingane na mdomo wa mtutu.
Mwisho fataki, ndogo kama kofia ya siafu.

Dakika moja na nusu. Mikono ikitetemeka, mbili.

Mimi nililelewa na mlio wa haraka:
usiku, ta-ta-ta, halafu mbio,
halafu kimya ambacho kila mama
alihesabia watoto wake ndani yake.
Ile haikumwuliza mtu kitu.
Hili linauliza kila hatua, una hakika?
na unaweza kughairi mara tano
kitambaa kingali mkononi.

Navuta pumzi. Naitoa nusu.
Nyundo inaanguka; pana upenyo mwembamba
wa kujuta,
kisha bega linasukumwa, halipigwi,
kama na mtu anayeomba kupita kanisani.
Moshi mweupe. Harufu ya mayai viza.
Sioni karatasi, sioni vilima, sioni kidole changu.

Wenye bunduki mpya, kulia kwangu, wanajua papo hapo.
Mimi nangoja upepo.

"Saa saba," anasema Khadambi, darubini usoni.
"Saa saba ya tarakimu, au saa saba ya kula?"
"Ya kula."
Juu basi, kulia kidogo.
Marehemu wa Biashara angecheka.

Jioni naliosha kwa maji ya moto na sabuni ya kipande.
Maji ya kwanza wino, ya pili majivu,
ya tatu ungeweza kupikia.
Mumbua, ambaye hajawahi kuligusa,
anauelekeza mtutu mtupu kwenye balbu ya jikoni,
anafumba jicho moja, anakawia.

"Baba," anasema, "ndani kuna mistari.
Inazunguka."