Sekunde Kumi na Moja

Faili liko mezani, unene wake kama mkate.
Juu yake: Nowacki, Gerald, miaka hamsini na miwili,
mpakiaji, kiwanda cha fremu za madirisha cha Lehtinen,
Duluth, ambako ghuba huganda hata ikabeba magari.
Mimi ni wakili wa mwajiri.
Nalipwa kwa saa, na saa nazikata vipande vya dakika sita
kama mtu akikata soseji.

Anadai mgongo. Wote hudai mgongo.
Mgongo hauvuji damu, hauvai bandeji,
kwenye eksirei umenyamaza,
shahidi asiyekubali kula kiapo.
Basi huuliza yale niliyofundishwa kuuliza:
Uliripoti siku ile ile? Nani alikuona?
Mwaka juzi, hukuteleza kwenye barafu ukienda kuvua?
Na nyumbani kwako, bwana, nani huzoa theluji?

Mnataka niseme Arvo Lehtinen alikuwa nunda.
Hakuwa. Alileta mwenyewe daftari la zamu,
limeandikwa kwa penseli,
vidole vyake vina gundi iliyokauka.
"Marit, bima wakipandisha tena, nafunga.
Watu kumi na tisa.
Na Gerald nilicheza harusini kwake."
Hakutaka mtu aumie.
Alitaka tu awe ameumia kwingine.

Ndipo mpelelezi akaleta filamu,
dakika arobaini na moja, imepigwa ndani ya gari lililozimwa taa.
Nowacki anatoka na sepetu. Anainama.
Anachota, anatupa kando. Anachota. Anachota.
Sekunde kumi na moja.
Nikaipiga meza kofi.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
na huyu, jamani, ameinama!

Ningezima hapo. Wenzangu huzima hapo.
Lakini kahawa ilikuwa bado moto
na filamu ikaendelea.

Dakika ya nne ameegemea sanduku la barua.
Dakika ya saba, bado.
Ya kumi na mbili anapiga magoti
taratibu, kama aliyedondosha pete,
kisha analala chali njiani, macho wazi,
theluji inamwangukia usoni na hapangusi.

Mlango unafunguka. Mwanamke,
gauni la kulalia, mabuti makubwa ya kiume.
Hamwinui. Yaelekea anajua pa kushika
na pa kutogusa.
Anaketi chini kando yake, kwenye theluji,
wanangoja
kitu ambacho kamera haikioni.
Dakika ya thelathini na tatu wanaingia ndani,
miguu minne, hatua ya mtu mmoja.
Halafu mke anarudi peke yake,
anaokota sepetu,
anamalizia njia mpaka barabarani.

Nilimwita Arvo. Sikumwambia neno.
Mteja ni mteja: siri yake siri yangu,
na hoja yake siwezi kuivunja nyuma ya mgongo wake
(tazama, hata mimi sasa nasema mgongo).
Nilimwekea kiti tu, nikabonyeza.

Alitazama mikono mapajani.
Sekunde kumi na moja zikapita, hakushangilia.
Mwanamke alipotoka, akasogea karibu na kioo.
"Hayo mabuti," akasema, "ni ya kiwandani.
Niliwagawia Krismasi. Gerald anavaa namba kumi na mbili."
Akanyamaza mpaka njia ikaisha kuzolewa.
Kisha akauliza, sauti ile ya mtu anayenunua mbao:
"Wanataka kiasi gani?"

Jioni nilijaza karatasi ya malipo.
Kutazama ushahidi pamoja na mteja.
Dakika arobaini na moja hazigawanyiki kwa sita,
na desturi ya ofisi ni kupandisha.
Niliandika arobaini na mbili.
Ile moja ya ziada
nimemtoza Arvo, na sijui niliifanyia kazi gani.